Siri ya Donati za Lilongwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ukungu tangu asubuhi. Mgahawani kwangu hapa Ibighi, Tukuyu, ameingia mtu mmoja, naye alitaka kuchaji simu. Ng'ambo ya barabara, kwa Loyce, watu wanakula maandazi wamesimama, hata viti hawaulizi. Mzee Samson, mwenye chumba, amepita. Akasema chumba hakiwezi kukaa kitupu hivi, Loyce anakitaka, na Jumapili ataamua. Nimeumia sana. Bila chumba hiki hakuna atakayeniita bosi.

Lakini mpango ninao. Lilongwe, huko Malawi, kuna mkahawa wa donati ambao vijana wanaupiga picha mchana kutwa. Binamu yangu Simon anapeleka mchele huko kesho kwa lori. Nitakwenda, nitaonja, nitaiba siri.

Alhamisi, 12 Juni

Lilongwe. Mkahawa una taa za waridi na viti virefu, miguu yangu ilining'inia. Donati ni andazi lenye tundu, limepakwa sukari ya rangi. Nimekula mbili. Tamu mno, nikakasirika. Nikampigia dada yangu Alinanuswe, kwa Kinyakyusa ili nisieleweke, tena kwa sauti maana mtandao ulikuwa mbaya. Nikamwambia wajinga hawa wanauza tundu, mhudumu wao ana uso wa mtu aliyelala njaa, na akigeuka tu napiga picha jikoni kwao.

Mhudumu akaja na kahawa yangu.

"Ugonile, kaka," akanisalimu kwa lugha ileile. "Nyumbani ni Tukuyu sehemu gani?"

Kumbe ni Mngonde wa Karonga, hapo tu ukivuka mto Songwe. Lugha yao na yetu ni moja. Kila Mnyakyusa analijua hilo. Hata mimi nalijua, sijui leo lilikwenda wapi. Jikoni walicheka mpaka mmoja akatoka kuja kunitazama vizuri.

Mhudumu yule jina lake Tulia. Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoanza kumtilia shaka. Alisema ningeuliza tu: unga, mayai, maziwa na hamira. Nikande sana, na kwa baridi ya kwetu donge likae karibu na jiko mpaka liumuke, nisiwe na haraka. Nimetoka bila kumaliza kahawa. Aibu haijanitoka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimerudi. Nimewaza njia nzima, Simon akadhani naumwa. Nani humpa mtu siri yake bure, tena baada ya kutukanwa? Hakuna. Kwa hiyo kila alichosema ni mtego. Hamira, sitii. Donge nimeliweka nje barazani, penye baridi kali. Dada Alinanuswe amesema naharibu unga. Dada hajasafiri.

Jumapili, 15 Juni

Mzee Samson alikuja akitoka kanisani. Nikampa donati ya kwanza. Akauma. Akageuza, akauma upande wa pili. Akasema ahsante, hii atampelekea mama nyumbani, akaitia mfukoni mwa koti. Ikagonga funguo. Kisha akaniambia kwa upole kwamba kuanzia kesho chumba ni cha Loyce. Nilijikaza mpaka alipoondoka.

Jumatatu, 16 Juni

Manyunyu. Nimehamisha benchi na birika peke yangu. Wateja wa Loyce walinipisha njia kama wanavyopisha jeneza. Loyce mwenyewe alinionea huruma, akanipa andazi la moto. Laini, linayeyuka mdomoni. Nilikula lote. Nikamwuliza anaweka nini humo. Hakusita hata kidogo. Akasema unga, mayai, maziwa, hamira, halafu donge linakaa karibu na jiko mpaka liumuke.

Maneno yaleyale ya Lilongwe! Sasa nimeelewa kilichoniponza. Loyce na yule Tulia wanajuana.