Nyumba Iliyogeuzwa Kibla

Jumamosi, 5 Septemba 1970
Nimeamua. Nyumba inauzwa! Mama mkwe, Bi Sayyida, hajashuka ngazi tangu Iddi Kubwa. Magoti. Kutwa yuko chumba cha juu anatazama ukuta. Leo kaniambia, mwanangu, mie nna hamu ya kukanyaga udongo tu. Nusura nilie. Nimeona bustani Bawshar: nyumba ya chini, milimau mitatu, zamu ya maji ya mfereji. Mwenyewe ananingoja hadi Ijumaa, baada ya hapo anampa mwengine. Mnunuzi wa nyumba yetu ninaye: Bakhit, mfanyabiashara wa Matrah, mtu wa maneno machache. Kilichobaki ni mwandishi wa hati. Kitu chepesi.

Jumapili, 6 Septemba
Kila mtu Maskati anamsifu Sheikh Suud. Nimekwenda. Anataka kuja mwenyewe, aizunguke nyumba kwa miguu, na majirani wa pande zote nne washuhudie. Majirani! Yaani Harub. Tunashirikiana ukuta, tulikuja meli moja kutoka Unguja, na tangu kuku wangu wa darini walipoangukia kwenye uji wake ananiita Bwana Mipango mbele za watu. Akisikia tu atadai shufaa: jirani wa ukuta mmoja ana haki ya kuichukua nyumba kabla ya mgeni, kwa bei ileile. Aingie kwangu Harub? Bora nyumba imezwe na bahari. Nimemwambia Sheikh nitarudi. Sirudi ng'o.

Jumatatu, 7 Septemba
Nimempata! Mwalimu Aflah. Kaandika hati Unguja miaka ishirini. Kashuka hapa wiki mbili tu, hamjui mtu, hata Harub. Haji kutazama nyumba, jua kali mno. Anataka hati ya zamani, kahawa na halwa. Mke wangu Masouda kauliza kwa nini namkimbia anayetazama na kumfuata asiyetazama. Nikamweleza kwamba siri ya biashara ni wepesi. Akanijibu haraka haraka haina baraka. Masouda ana methali nyingi kuliko sufuria.

Jumanne, 8 Septemba
Hati tayari! Mwandiko wa kutundikwa ukutani. Ile ya zamani ilisema upande wa kibla ni nyumba ya Harub. Mwalimu anaona kibla ni lugha ya wazee, siku hizi watu wanataka kaskazini na kusini. Basi kibla kaiandika kaskazini, na pande nyengine zikafuata. Kanisomea yote kwa Kiswahili. Nikaitikia kila mstari, naam, naam. Mashahidi: wapita njia wawili, wenye haraka zao. Nimempelekea Bakhit kabla ya adhuhuri. Harub hana habari! Nimelala mchana fofofo.

Jumatano, 9 Septemba
Balaa. Bakhit kaja na hati mkono mmoja na dira mkono wa pili. Sikujua wafanyabiashara wanatembea na dira. Kaitafuta nyumba ambayo kaskazini yake ni kwa Harub. Kaizunguka mitaa miwili, mimi nyuma yake. Kaipata. Kisima cha msikiti!

Unguja tukiswali tunaelekea kaskazini. Hapa Maskati kibla iko magharibi. Nimeswali kuelekea magharibi miaka sita, mara tano kwa siku, na sikukumbuka! Mwalimu kaigeuza nyumba yangu robo nzima. Kwa mujibu wa karatasi nimemuuzia Bakhit kisima cha wakfu pamoja na ndoo yake. Waliokuwa wakitawadha wametoka nyuso zinachuruzika, kuja kumwona muuzaji. Bakhit kasema hanunui kwa mtu asiyejua nyumba yake ilipo, akaenda zake. Na nani yuko dirishani anacheka mpaka kakaa chini? Harub! Bi Sayyida kauliza kutoka juu hizo kelele za nini. Nimeona haya, na uchungu pia. Siku mbili zimebaki.

Alhamisi, 10 Septemba
Baada ya alasiri, hodi. Harub, na Sheikh Suud nyuma yake. Nikajua wamekuja kunicheka. La! Harub anadai shufaa. Anaoza mwanawe, anataka vyumba, atatoa bei ya Bakhit bila kupunguza. Kasema ningemwambia Jumamosi tungekuwa tumemaliza Jumamosi, tena bila kusumbua kisima. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Sheikh kazunguka pande nne, kauliza majirani, kaandika. Magharibi haijaingia, kazi imekwisha! Kisha mimi na Harub tumemteremsha Bi Sayyida ngazi nzima juu ya kiti. Kanyaga udongo, mama! Masouda kalia kwa furaha. Harub kala halwa yangu yote, nami nikamwongezea kahawa.

Ijumaa, 11 Septemba
Leo Bawshar! Sheikh Suud kajitolea kufuatana nasi baada ya swala, aandike hati ya bustani bure. Nimemkatalia kwa adabu. Atazunguka tena, ataulizauliza tena, na mimi si mtoto. Nimempa kazi Mwalimu Aflah. Maskini, hakuna anayemtaka sasa, na nani Maskati nzima anaijua kibla kuliko aliyeumbuka kwayo? Ameapa: kila akiona kibla ataandika magharibi. Haji Bawshar, jua kali, lakini nimemnakilia hati ya zamani ya bustani kwa mkono wangu. Na sikulala! Katika nakala hiyo, bila kumwambia, pande zote nimezirudisha nyuma robo moja, ili akikosea kama juzi bustani irudi mahali pake. Masouda kaniuliza nacheka nini. Sikumwambia.

Bi Sayyida kavaa viatu tangu alfajiri. Kaniuliza milimau iko upande gani wa nyumba. Nimemwambia asubiri hati.