Kutu ya Wembe wa Bernardo

Redio ya simu ya Luhende ndiyo iliyoleta balaa. Ilitangaza kwamba mabwana na mabibi afya wameanza kupita kwenye vibanda vya vinyozi mjini Tabora, na kinyozi atakayekutwa na wembe wenye kutu asahau kibali cha mwaka huu. Halafu ikaendelea na habari za mvua, kwamba bado zipo mpaka Aprili.

Bernardo alicheka. Alicheka mpaka kahawa ikammwagikia suruali. Mtu mwenye hofu akianza kucheka huwa hajui pa kuishia.

"Waje!" alisema. "Waje leo, kesho mbali. Wembe wangu huu wa kukunja aliniachia marehemu baba. Umenyoa wakubwa wa reli, umenyoa mapadri, umenyoa mabwana harusi. Mimi sina mashine za kulilia umeme."

Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka stesheni: kioo kimoja, kiti kimoja cha chuma, na benchi refu la wazungumzaji. Benchi halikuwahi kukosa watu. Kiti nacho, tuseme tu kwamba kilikuwa kikipumzika.

"Hebu tuuone basi," alisema Luhende. Kijiweni walimwita Injinia, ingawa miaka yake yote ya reli aliimaliza akipeperusha bendera.

Bernardo alishusha mkoba wa ngozi kutoka msumarini, akatoa wembe, akavuta. Haukufunguka. Akavuta tena huku ameuma ulimi. Ukafunguka kwa mlio wa bawaba ya lango la ghala, ukaonyesha tumbo la rangi ya udongo. Moyo wa Bernardo ulishuka mpaka kwenye ndala.

"Aisee," alisema Anakleti, "huo ni wembe au jani la tumbaku la daraja la mwisho?" Huyu alikuwa mkulima wa Ulyankulu. Walimwita Mzee Bani, maana neno lolote ulilomwanzishia alilimalizia kwenye bani, kibanda chake cha kukaushia tumbaku.

"Ni mvua hizi," alisema Bernardo.

"Si mvua, ni ubishi," alisema Luhende. "Mwezi wa kumi na moja nilikwambiaje? Chumvi!"

"Nilitia chumvi! Nusu kopo, ya Uvinza! Nikaulaza humo kama mtoto."

"Ikawaje?"

"Chumvi imelowa, imekuwa mchuzi!"

Luhende alikunja nne, akajiweka sawa. "Haiwezekani. Samaki wa Kigoma anafika hapa hajaoza kwa sababu gani? Chumvi. Sasa kati ya samaki na chuma, kipi kigumu?"

"Chuma."

"Samaki ameweza, chuma kishindwe kwa nini? Wembe wako ndio wenye matatizo."

"Usimsikilize mpeperusha bendera," alisema Anakleti. "Unyevu dawa yake bani. Unawasha moto, unafunga mlango..."

"Mzee Bani, nyamaza! Si ulinipa jani la tumbaku niuviringishe? Nikauviringisha. Jani likavuta maji, likaota ukungu. Mteja alipiga chafya mpaka akakimbia na sabuni usoni!"

"Kwani lile jani lilikuwa limekauka?"

"Ulilileta wewe!"

"Mimi nilileta. Sikusema limekauka."

Bernardo aliona afadhali ayaseme yote, maana aibu ikigawanywa mafungu huzidi. "Halafu mimi mwenyewe nikaupaka asali."

Tabora unaweza kubishia siasa, mpira, hata mahubiri ya Jumapili, lakini asali hapana. Kikohozi asali, kidonda asali, ndoa ikilegea asali.

"Asali ya nyuki wakubwa au wadogo?" Luhende aliuliza kwa upole wa daktari.

"Wakubwa. Ya Sikonge."

"Hapo ndipo ulipoharibu. Ungetumia ya nyuki wadogo."

"Sisimizi walikuja msafara, Injinia! Msafara mrefu kuliko ule wa babu zetu waliobeba pembe mpaka pwani. Walipanda ukuta, wakaingia mkobani, wakala, wakaniachia kutu."

"Ndio sisi hao," Anakleti alisema akishusha pumzi. "Misafara yote ya dunia imepita hapa. Imepita na pembe, imepita na chumvi, ikatuachia midomo."

Yustina, mama wa kahawa, alikuwa akipuliza jiko. Sasa aliinua kisu chake cha kukatia kashata, cheupe pe, akawapungia nacho.

"Mvua inanyesha na kwangu," alisema. "Kisu hiki nikimaliza kazi nakifuta, nakianika hapa karibu na jiko. Jioni nakipaka tone la mafuta ya cherehani. Basi. Sijakiweka kwenye mkoba wa ngozi kikae na jasho lake."

"Mama Kahawa, haya ni mambo ya ufundi," alisema Luhende.

"Ndiyo maana yameharibika, yameshikwa na mafundi."

Mara mwavuli mwekundu ulisimama mbele ya kibanda. Chini yake alikuwa binti mwenye faili na buti za mvua.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia wote.

"Naitwa Levina, bibi afya. Mwenye kiti ni nani?"

Luhende na Anakleti, marafiki wa miaka ishirini, walimnyooshea Bernardo kidole bila hata kuulizwa mara ya pili.

Levina aliuchukua wembe, akaugeuza mara mbili. Akanusa. "Mzee wangu, hii harufu ni ya tumbaku?"

"Na asali kidogo," alisema Bernardo.

"Na chumvi," aliongeza Luhende, asije akasahaulika.

Binti alijiuma mdomo asicheke. "Makali bado yapo. Hii kutu ya juu inatoka kwa msasa laini na mafuta. Kuchemsha na spiriti kwa kila mteja, hilo sina haja ya kukukumbusha. Ila nataka kujua kitu kimoja. Mara ya mwisho wembe huu umemnyoa nani?"

Bernardo alifikiri. Akafikiri tena. Alimkumbuka yule wa chafya, lakini yule alinyolewa shavu moja.

"Wateja wangu ni hawa," alisema mwishowe, akionyesha benchi. "Wapo hapa kila siku ya Mungu."

Levina aliwatazama. Kidevu cha Luhende kilikuwa laini kama yai la kuchemsha. Masharubu ya Anakleti yalikuwa yamechongwa kwa mstari ambao wembe wa kukunja haujawahi kuuota.

"Hawa?" alisema Yustina. "Hawa wananyolewa saluni ile ya ng'ambo ya barabara, yenye vioo na feni. Wanazunguka nyuma ya stesheni ili fundi asiwaone. Mimi nawaona."

Lilimuuma Bernardo, lilimuuma kweli. Miaka ishirini wanakalia benchi lake, wanajikinga mvua chini ya bati lake, halafu wanapeleka mashavu yao kwa watoto wa jana.

"Injinia! Hata wewe?"

"Fundi, pale kuna feni."

"Mzee Bani?"

"Wananikanda shingo," alisema Anakleti akiangalia chini. Kisha akamtazama Bernardo vizuri, akasogea, akainama. "Lakini ngoja. Fundi. Na hicho kidevu chako kimenyolewa na nani?"

Mvua iliendelea kupiga bati. Bernardo alikishika kidevu chake kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani mkononi.

"Jana jioni," alisema. "Niliingia mara moja tu. Yule kijana ana mkono mwepesi."

Yustina alicheka mpaka akaweka birika chini. Luhende alicheka, Anakleti akacheka, na Bernardo mwenyewe, baada ya kutafuta pa kujificha akakosa, akacheka.

"Basi ugonjwa nimeuona," alisema Levina. "Wembe unaonyoa kila siku unafutwa kila siku, kutu itapata wapi nafasi? Huu umekaa tu unapewa dawa. Nilikuja nifunge kiti, lakini nifunge nini, mzee wangu? Kiti hakikaliwi, kimeshajifunga chenyewe."

Levina alifungua faili lake.

"Narudi Ijumaa," alisema, akiandika. "Nikikuta wembe safi na mtu amekaa hapo ananyolewa, nasaini kibali. Nisipokuta mtu, naandika kwamba hapa hakuna kinyozi, kuna benchi."

Akafungua mwavuli wake, akaondoka.

Siku ile kijiwe kilifanya kazi, jambo ambalo hata wazee wa mtaa wa Isevya hawakukumbuka kuliona. Luhende alitafuta msasa. Yustina alitoa kichupa cha mafuta ya cherehani. Anakleti aliutundika mkoba wa ngozi nje kwenye uzio, akauambia usirudi ndani. Bernardo alisugua tangu saa nne mpaka adhana ya alasiri, akanoa kwenye mkanda, akachemsha, akafuta, akafuta tena. Wembe ukang'aa hata akajiona jicho ndani yake, akapangusa jicho lile kwa mkono wa shati na kusingizia moshi wa jiko.

"Haya," alisema, akikung'uta kitambaa cha kitini. "Nani anaanza?"

Luhende alisimama kishujaa, akakaa, akainua kidevu. Bernardo alimpaka sabuni, akaweka wembe shavuni, akauvuta taratibu mpaka chini. Akautazama wembe. Ulikuwa na povu tupu. Akamwita Anakleti, yakawa yale yale. Akajigusa mwenyewe.

Nyuso tatu, na ukiacha masharubu ya Anakleti, unywele mmoja haukuwapo. Saluni ya ng'ambo ilikuwa imefyeka ndevu zote.

"Leo Jumatatu," alisema Anakleti kwa sauti ndogo. "Ijumaa zitakuwa zimeota?"

"Lazima ziote," alisema Bernardo. "Na atakayevuka hiyo barabara simjui."

Wakakaa kwenye benchi, wote watatu, mikono videvuni. Yustina aliuliza kama waongezewe kahawa. Baada ya kitambo Luhende alijikwaruza chini ya sikio, macho yakamtoka.

"Fundi! Hapa naona kama kuna kitu."

Bernardo aliruka na wembe wake mkononi, akavaa miwani, akainama mpaka pua ikagusa shavu la rafiki yake.

"Ni sukari ya kashata," alisema, akarudi kukaa.