Jalada na Sakafu ya Kijivu

Jalada hakuwahi kusahau kitu maishani mwake, isipokuwa namna ya kukosea.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alibandikwa na shemeji yake, kwa sababu ya kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita: karani wa masjala, mtunza mafaili wa idara ambayo hata wakuu wake hawakuwa na hakika inashughulikia nini. Mtu akiulizia barua ya zamani, Jalada hafungui daftari. Anafumba macho, anainua kidole, anasema, "Kabati la tatu, rafu ya pili, faili lenye kamba nyekundu." Na kweli barua inakuwapo, mara nyingi. Zile mara nyingine, kuna mtu atakuwa ameihamisha.

Ubaya ni kwamba jioni hakurudi nyumbani mikono mitupu. Alirudi na masjala nzima kichwani. Nani alianza kumnunia nani, pacha yupi aliota jino kwanza, nani aliahidi nini mbele ya nani: kesi zote za ukoo zilisikilizwa kwenye kochi lake. "Kumbukumbu zinaonyesha," angeanza, na watu wangeanza kutafuta viatu vyao, kwa maana kumbukumbu hazikuwahi kuonyesha kwamba aliyekosea ni yeye.

Ndipo likaja suala la mapazia.

Mkewe, Mama Mapacha, alitaka mapazia mapya ya sebuleni, yaendane na sakafu. Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kwamba hakuna aliyejua sakafu ni ya rangi gani. Ilikuwa sakafu ya plastiki, ile inayokunjuliwa kama mkeka na ambayo wauza duka huiita vinili ili ipande cheo. Ilitandikwa miaka tisa iliyopita, na tangu hapo ilikuwa ikibadilika taratibu, hadi ikafikia rangi isiyo na jina, mahali fulani kati ya chai iliyosahauliwa na tairi la baiskeli.

"Ni rangi ya maziwa," alisema Mama Mapacha. "Ina maua madogo ya kahawia."

"Kijivu," alisema Jalada. "Kijivu kitupu. Niliinunua mimi. Maua? Mimi niingie dukani, nitoke na maua?"

Mwenye akili atauliza kwa nini hawakutazama chini ya kabati. Kabati lilikuwa limetangulia. Siku ya kutandika, Jalada alikataa kulisogeza, akaamuru plastiki ikatwe kulizunguka. Na chini ya kochi, mapacha walikuwa wameendesha kiwanda chao cha uji na rangi za maji tangu walipojifunza kutambaa.

Ubishi ule ungeishia pale kama Jalada asingeuanzisha upya siku wakwe walipokuja kula mchana. Aliusimulia mwenyewe, akicheka, kama mfano wa namna wanawake wanavyosahau. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyecheka naye, akaweka mkono kifuani.

"Sakafu hii ikiwa si kijivu," alitangaza, "futeni kila hukumu niliyowahi kutoa katika ukoo huu."

Kijiko cha shemeji yake kilisimama hewani.

Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatafuna kwanza. "Kila?" aliuliza.

"Kila, mama."

Wakapatana. Jumapili inayofuata, saa nane mchana, watakuja kuiona sakafu ikiwa safi. Na atakayeisafisha ni Jalada mwenyewe, peke yake, ili asitokee mtu wa kusema ushahidi umechezewa.

Jumamosi asubuhi Mama Mapacha aliwachukua watoto kwenda kulala kwa mama yake. Mlangoni aligeuka.

"Baba Mapacha, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, na brashi laini. Usimwage maji, yataingia kwenye maungio, plastiki itabinuka. Na ile nta uitoe kwanza."

"Nta gani?"

"Nta yako."

Hapo lazima tumtendee haki Jalada, tuseme ukweli. Yeye ndiye aliyeamuru kwamba kila Jumamosi sakafu ipakwe nta ya kung'arisha, iwe imefutwa vizuri au haikufutwa, kwa madhumuni ya kuilinda. Kwa hiyo vumbi la wiki lilifunikwa Jumamosi. Vumbi la wiki ya pili likatua juu ya kifuniko, likafunikwa nalo. Miaka tisa ya uchafu ilikuwa imelala pale, tabaka juu ya tabaka, kila wiki mahali pake, haikupotea hata moja. Ilikuwa kazi safi kabisa ya masjala.

Alianza kwa dharau. Alivua shati, akachota maji, akapiga deki chumba kizima kwa robo saa. Maji yaliteleza juu ya nta kama mtu asiyetaka kuhusishwa. Sakafu ikabaki ilivyo, ila sasa ilikuwa imelowa.

Akaenda dukani, akarudi na chupa ya dawa ya kung'oa nta. "Paka, subiri dakika kumi, ndipo usugue," muuza duka alimwambia. Jalada alisubiri dakika nne, kwa kuwa yeye si mtu wa kupotezewa muda, akasugua nusu saa, akapata jasho. Mara ya pili alisubiri dakika kumi. Nta ikalainika, ikainuka, ikawa uji mzito mweusi, naye akaukwangua kwa rula ya plastiki ya ofisini, akafuta kwa kitambaa. Karibu na mlango wa jikoni pakatokea mahali safi, ukubwa wa sahani.

Alipatazama.

Palikuwa na rangi ya maziwa. Katikati palikuwa na ua dogo la kahawia, petali nne.

Hakushtuka. Karani akikuta barua katika faili lisilo lake hazimii. "Dawa imechubua," alisema kwa sauti, chumba kikiwa hakina mtu. Na ua? Ua lilikuwa doa. Akalisugua doa lile kwa bidii ambayo idara yake haikuwahi kuiona, na kila alivyosugua, petali zikazidi kupendeza.

Akahamia dirishani. Sahani ya pili: maua mawili. Akahamia mbele ya televisheni. Sahani ya tatu: ua moja, na kijani kidogo pembeni, jani, ambalo hata mkewe alikuwa hajalitaja.

Jalada alikaa chini. Na pale chini, kwa mara ya kwanza, akakumbuka jambo lililomsuta yeye mwenyewe. Lilikuja kamili, na mhuri wake. Dukani palikuwa na mabunda mawili. La kijivu ndilo alilolitaka, lakini lilipungua mita moja. Muuzaji, aliyevaa shati la mistari, alikuna kichwa. Naye Jalada, kwa kinywa chake, alisema, "Basi nipe hilo lingine, tutalizoea."

Alifumba macho, akaanza kutafuta kabati la kuirudisha kumbukumbu ile.

"Hodi, jirani."

Alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye ndiye angeshona mapazia. Kufikia alipovuka kizingiti, ndoo ilikuwa juu ya sahani ya dirishani, kitambaa juu ya ile ya televisheni, na Jalada mwenyewe juu ya ile ya mlango wa jikoni, amekunja miguu.

"Mbona umekaa chini?"

"Napumzika."

"Si kochi hili hapa?"

"Kochi linaniumiza mgongo."

Fundi akavuta pumzi. "Mama Mapacha kaniambia nisikate kitambaa mpaka niione sakafu."

"Kijivu. Kata."

"Mimi naona nyeusi."

"Ni kijivu kilichokomaa."

"Haya." Fundi akaitazama ndoo. "Nikumwagie maji haya?"

"Yaache, yanapoa."

Fundi akachovya kidole. "Yameshapoa, jirani."

"Basi yaache yapumzike na yenyewe."

Fundi alikuwa amewapima watu suruali kwa miaka thelathini. Anamjua mtu aliyekalia tundu. Alimzunguka Jalada polepole, kama anayekadiria kitambaa, naye Jalada akazunguka pale pale alipokaa, bila kuinuka.

"Kesho nitapita saa nane," fundi alisema. "Nasikia kutakuwa na watu."

Alipoondoka, Jalada alifikia uamuzi ambao hakuna kitabu cha usafi kilichowahi kuushauri. Aliamua kuurudisha uchafu.

Mtu angeweza kudhani ni kazi nyepesi. Uchafu alikuwa nao ndoo nzima. Aliumimina kidogo juu ya sahani ya kwanza, ukakauka, ukaacha duara kama la kikombe. Akajaribu majani ya chai. Yakaonekana kama majani ya chai. Akatoka nje, akakanyaga vumbi, akarudi akatembea juu ya maua. Kiatu kikaacha alama safi kiasi kwamba namba ya soli ilisomeka.

Ndipo alipoelewa. Uchafu wa miaka tisa una mapishi yake. Unahitaji watoto wawili, misimu kadhaa ya mvua, mafuta yaliyoruka kutoka jikoni, wageni wasiovua viatu, na subira. Mtu mmoja hawezi kuufanya alasiri moja, hata awe na cheo gani. Kwa muda mfupi Jalada aliiheshimu sakafu ile.

Lakini kijivu? Kijivu kinatengenezeka. Alichota majivu ya jiko la mkaa, akayachekecha, akayachanganya na nta ya sakafu kwenye kopo, akakoroga. Rangi iliyotoka ilikuwa kijivu cha heshima, kijivu cha makabati ya serikali. Akapaka sahani zote tatu, mkono wa kwanza, wa pili, na wa tatu kwa kuwa jani lilikuwa bado linachungulia. Akalala akiwa mtu mwenye haki.

Jumapili saa nane walifika wote: mkewe na mapacha, shemeji, mama mkwe, na fundi mwenye futi yake shingoni. Viatu vilibaki mlangoni.

"Karibuni," alisema Jalada, rula mkononi. "Sikuona haja ya kusafisha chumba kizima. Ushahidi hauhitaji wingi. Hapa, pale, na pale. Kijivu."

Wakatazama. Shemeji akainamisha kichwa, kama aliyesomewa hukumu ya pili kwa kosa lile lile. Mama Mapacha aliitazama sahani ya mlango wa jikoni kwa jicho analomtazamia mtoto anayedai ameshaoga.

"Inang'aa," alisema.

"Ni usafi."

Mama mkwe hakuona vizuri kutoka mbali. Akaisogelea ile sahani ya mbele ya televisheni. Jalada akauona ule mguu ukija, mtupu, taratibu, na akajua kitu ambacho alikuwa amekijua tangu alfajiri alipoigusa rangi ile kwa kidole: nta iliyochanganywa na majivu haikauki.

Mkwe wa kiume anaweza kumwambia mama mkwe mambo mengi. "Toa mguu wako hapo" si mojawapo.

"Mama, karibu kiti."

"Asante, mwanangu. Nimekaa sana njiani."

"Hapo pana... hapo pana baridi, mama."

"Ndiyo nzuri kwa miguu." Akakanyaga. Akasimama barabara, mikono mgongoni. "Haya, tueleze."

Jalada alieleza. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na haikuwa na tarehe hata moja. Alipomaliza, mama mkwe aliinua mguu ili aondoke, na mguu ukatoka kwa sauti ya bahasha inayofunguliwa.

Pale chini, katika umbo la kisigino, palikuwa na rangi ya maziwa.

"Ua," alisema pacha mmoja.

Mwenzake akachuchumaa kuhakikisha. "Na lina jani."

Fundi alijishughulisha na futi yake.

"Kila, ulisema," alisema mama mkwe.

"Kila, mama."

Shemeji akasimama. Alikuwa ameisubiri siku hii kwa muda mrefu, hata sauti ikamtetemeka. "Kwa hiyo siku ya harusi yenu mimi sikuchelewa."

"Ulichelewa," alisema Mama Mapacha, bila kugeuka. "Ulifika watu wanakunja viti. Ila si kwa uzembe, alivyohukumu huyu. Ulikuwa umepelekwa kumfuata mpiga picha."

Shemeji akatafakari. Haukuwa ushindi kamili, lakini ilikuwa kweli, na alikuwa amesahau kabisa habari ya mpiga picha. Akakaa.

"Samahani, Mama Mapacha," fundi akajitosa, "ile ngazi yangu niliyowaazima, bado iko kwenu?"

"Tulikurudishia. Uliiegemeza nyuma ya mlango wa stoo yako, ukaining'inizia makoti."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mama mkwe akavuta kiti, akakielekeza kwa binti yake. Shemeji naye akageuza cha kwake. Baada ya dakika mbili hakukuwa na uso hata mmoja ulioelekea kwenye kochi.

Jalada alikuwa bado amesimama na rula yake. "Ulijuaje?" alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini. "Miaka tisa. Hata mimi sikuyaona maua."

"Wewe ulikuwa unaikumbuka, Baba Mapacha," alisema mkewe, tena kwa upole. "Mimi nilikuwa naipiga deki. Sasa mletee mama maji ya kunawa mguu."

Alileta beseni, na sabuni, na taulo lililo bora kuliko yote ndani ya nyumba. Mama mkwe alinawa. Akasugua, akanawa tena. Sakafu ilisafishika yote kufikia Jumatano, na mapazia yakashonwa ya kahawia. Kisigino cha mama mkwe kilichukua mpaka Ijumaa, na ndicho kijivu pekee kilichowahi kuonekana katika sebule ile.