Mzee wa Doria na Binti Yangu

Jumanne, tarehe 4 Machi

Leo nimeingia vitani. Mpango umekamilika. Hauna tobo hata moja.

Hali ni hii. Miezi mitatu sasa binti yangu haongei nami. Anaongea na mama yake, mimi natumiwa salamu kama jirani. Kosa lilikuwa langu, lakini hilo naliandika hapa tu, na daftari hili linalala kwenye mkoba wangu wa fremu mbovu. Aliniambia anaacha ufamasia, anahamia uchoraji wa vibonzo. Nikamwambia vibonzo si kazi, ni ugonjwa wa utotoni. Akabeba begi lake, akarudi chuoni. Hakubamiza mlango. Aliurudisha polepole. Afadhali angebamiza!

Nipige simu niombe radhi? Mtu mzima? Hapana.

Basi, shemeji ameropoka. Huyu ni kaka wa mke wangu, kinyozi, kibanda chake kimepakana na duka la miwani ninakofanya kazi. Kasema binti anacheza gemu moja la mtandaoni, kila siku saa saba mchana, kwenye mbuga ya sungura. Yeye mwenyewe anacheza. Levo ya hamsini na mbili, anajiita Jemadari. Mtu mzima na mkasi wake!

Mpango: niingie kama mtu baki. Nizoeane na binti. Nimfanye amkumbuke baba yake, ili yeye ndiye aanze kupiga simu. Heshima yangu inabaki palepale.

Jina la Shujaa limeshachukuliwa. Shujaa wa Pili pia. Na wa Tatu. Mimi ni Shujaa wa Nne. Nimepewa upanga wa mbao na suruali. Nimeua sungura wawili. Wa tatu ameniua.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimemwona! Anaitwa Nyuki Mkali. Levo ya ishirini na tisa, joho la njano, upinde mgongoni. Nilijibanza nyuma ya kichaka dakika tano nzima namwangalia akichuma maua. Maua ya dawa. Dawa! Nikajizuia kusema lolote.

Najua ni kikaragosi tu cha kwenye simu. Hata hivyo nilimgusa kwa kidole. Shujaa wa Nne akadhani nimemwamuru atembee, akaenda kujigonga kwenye mti.

Nikamwandikia: Salaam, natumai u mzima wa afya, dhumuni la ujumbe huu ni kutaka tufahamiane. Kisha akanikaribisha, akauliza kama ni mgeni. Nikasema ndiyo, mimi ni kijana wa miaka ishirini, napenda muziki. Akauliza muziki gani. Nikasema wa vijana. Nimejibu vizuri sana, naona.

Halafu, kwa ujanja mkubwa, nikamuuliza kama ana baba.

Akaanza kuandika. Vidoti vitatu vikawa vinacheza. Mara ardhi ikatikisika. Sungura wote wakatimua mbio upande mmoja. Kivuli kikafunika mbuga. Jitu! Urefu wa ghorofa tatu, kichwa cha nyati, miguu sita, ngozi kama gome la mti mkavu. Levo ya sitini na tano, mahali pa sungura! Lilikuwa linatembea taratibu kama mkaguzi wa shule. Halikunitazama hata. Lilinikanyaga likiwa linapita.

Skrini ikawa nyeusi. Ukifa, maandishi yote yanafutika. Jibu lake sikulisoma.

Shemeji alicheka mpaka akamkwangua mteja kichogo. Kasema huyo ni Mzee wa Doria. Hana makao wala ratiba, anazurura tu, waliotengeneza gemu walimweka ili watu wasijisahau. Kisha akaniuliza kwa nini nisimpigie binti simu. Nikamwonea huruma. Watu wengine hawana kipaji cha mikakati.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Shemeji ni kinyozi, hajui kuchunguza. Kila kitu kina ratiba. Asubuhi kabla ya kufungua duka nilikaa juu ya mti wa kwenye gemu, nikarekodi mapito ya Mzee nyuma ya kadi za wateja. Matokeo: hupita kila baada ya dakika arobaini, akitokea kushoto. Nimemkamata!

Saa saba na dakika kumi nikaingia, kifua mbele. Nikamuuliza Nyuki Mkali tena habari za baba.

Safari hii nilisoma. Aliandika kwamba baba yake ni fundi miwani. Kwamba alipokuwa mdogo baba alimvalisha ile fremu nzito ya kupimia macho, akamwambia asome herufi za ukutani, na kila alipokosea, baba alisema herufi ndiyo iliyokosea.

Ilinibidi nivue miwani nifute. Nikavaa. Nikavua tena.

Nilikuwa nimeisahau siku hiyo. Yeye hakuisahau.

Nikaandika: Je, unamkumbuka? Vidoti vitatu. Vikakoma. Vikaanza upya. Nikasogeza simu karibu na pua. Ardhi ikatikisika. Nikageukia kushoto, tayari kukimbia.

Alitokea kulia.

Nilipoinua macho, mama mwenye duka alikuwa amesimama mbele yangu. Alisema mwalimu mstaafu ameondoka na miwani ya dereva wa lori, na dereva wa lori ameondoka na ya mwalimu mstaafu, na barabarani kuna watu. Nikamweleza kuwa huu ni muda wangu wa mapumziko. Akanijulisha kwamba ni saa tisa kasorobo.

Dereva amepatikana salama. Alikuwa ameegesha, analaumu ukungu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mpango mpya. Huu ni wa kishujaa.

Jemadari atamchokoza Mzee wa Doria amlete mbio mpaka mbugani. Nyuki Mkali atashtuka. Nitatokea, nitasimama mbele yake, Jemadari atampiga Mzee kwa nyuma, sifa nitachukua mimi. Moyo wa shukrani utafunguka wenyewe. Shemeji akagoma. Kataka miwani yangu ya jua, ile ya kioo cha buluu. Nimempa. Ameivaa humohumo kibandani, hawaoni vizuri wateja wake. Shauri yao.

Saa saba na nusu. Jemadari akatokea mlimani anakimbia, Mzee nyuma yake. Kumbe alikuwa anakimbia kweli! Alinipita bila salamu. Nikajitosa mbele ya Nyuki Mkali na upanga wangu wa mbao, nikaandika kwa herufi kubwa: USIOGOPE BINTI YANGU.

Tukafa wote. Mimi, Nyuki, Jemadari, na watu saba wasiohusika waliokuwa wanachuma uyoga.

Ukifa unakuwa mzimu, unasubiri dakika moja kando ya kisima ndipo ufufuke. Mizimu kumi ikawa imejipanga pale. Saba ilikuwa inatutukana. Mzimu wa njano ukanisogelea.

"Baba," akaandika.

Nikajibu: "Baba nani?"

"Nani mwingine hapa anaandika 'dhumuni la ujumbe huu'? Nilikujua tangu juzi."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka useme wewe."

Zimebaki sekunde arobaini. Nikaandika samahani. Nikafuta. Nikaiandika tena. Nikatazama mlimani, hakuna kitu, ardhi imetulia. Kwa mara ya kwanza nilitamani Mzee aje. Hakuja. Nikatuma.

Nikaongeza: "Vibonzo ni kazi."

Vidoti vitatu vikacheza muda mrefu. Kisha: "Jana uliuliza kama nakukumbuka. Nakukumbuka kila siku, baba. Nikiona mtu amevaa miwani iliyopinda natamani kumnyooshea kama wewe. Nipigie kesho. Sauti, siyo maandishi."

Mzimu wa Jemadari, ambao hakuna aliyeualika, ukaandika kwamba hata yeye, mjomba, analia. Nikamwambia aende akanyoe watu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimepiga.

Akasema shikamoo baba. Nikasema marahaba. Nilikuwa nimeandaa hotuba kwenye karatasi, sikuisoma. Kaniuliza kama mgongo bado unanisumbua. Kasema darasani wameambiwa wachore jitu, yeye anachora lenye miguu sita, na miguu ya nyuma inamtesa. Nikamuuliza inamtesaje. Akanieleza. Sikuelewa, nikamwomba anieleze tena.

Halafu tukaishiwa maneno. Hakukata. Mimi pia sikukata. Nilisikia penseli yake ikikwaruza karatasi, inasimama, inakwaruza tena. Nilifunga macho. Ilikuwa kama yuko chumba cha pili, na mlango uko wazi.

Dakika ishirini na sita. Mke wangu alipita mara nne akijifanya anatafuta ufagio.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeamka na hamu ya sauti yake. Ajabu! Nilidhani simu ya jana ingenitosha mwezi mzima, kumbe imeniongezea njaa.

Nimpigie tena? Nimeshika simu tangu asubuhi. Lakini siku mbili mfululizo? Ataona baba amekuwa king'ang'anizi. Pengine jana aliongea kwa kunionea huruma tu. Pengine alikuwa na kazi nyingi. Lazima nipate hakika, na hakika haiulizwi ana kwa ana.

Kwa hiyo nimefungua akaunti mpya. Mwanamke safari hii, mganga, levo ya kwanza. Jina: Shangazi Mpole. Hatanijua kamwe. Nitamuuliza, kama mtu baki, je, baba akipiga simu leo tena itakuwa kero?

Saa saba sasa. Niko mbugani, nyuma ya kichaka. Nyuki Mkali bado hajatokea. Mke wangu ananiita kutoka jikoni. Anasema binti yuko kwenye simu, anamtaka baba. Nimemwambia aseme nimetoka. Siwezi kubanduka hapa hata dakika moja, namsubiri binti yangu.