Magari Yasiyo na Magurudumu

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu anatengeneza filamu! Ya kompyuta. Magari yanapishana kwenye makutano ya barabara, yanangojana kwa adabu ambayo madereva wa kweli hawana. Kampuni ya barabara itaitazama Ijumaa. Ikiwapendeza, wanamwajiri. Tangu amalize chuo hajapata kazi ya kueleweka. Wifi yangu, ambaye mwanawe ni daktari wa meno na hatupi nafasi ya kusahau, kauliza tangu lini kuchezea kompyuta kukawa kazi. Nimemwalika Jumamosi aje aone. Majirani pia. Binti hajui.

Jumanne, 4 Machi
Kanieleza. Magari kayaendesha kwanza katika programu ya majaribio. Filamu inatengenezwa katika programu nyingine, ya katuni. Hizo mbili hazisikilizani. Katikati kuna plagini, ndiye mkalimani: inachukua faili la tukio zima na kuliingiza upande wa pili. Nimeelewa barabara. Nikamweleza mwenye duka, akanipa hongera.
Binti alipotoka nikachungulia kompyuta yake. Aibu tupu. Mafaili yametapakaa kama nguo za mtoto mchanga. Nikayapanga: matairi na matairi, taa na taa, rangi na rangi. Moja liliitwa herufi na namba tu, kama mfungwa. Sasa linaitwa Tairi Zuri. Nimelala usingizi wa pono.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Magari yameingia bila magurudumu. Yanaelea. Basi halina milango, barabara nyeupe kama shuka. Binti anasema faili la tukio halibebi vitu ndani yake. Linakumbuka tu kila kitu kiko wapi na kinaitwaje. Kikihamishwa, halikioni. Akauliza nani kagusa. Nikasema labda umeme. Akasema, mama, umeme haupangi vitu kwa rangi.

Alhamisi, 6 Machi
Hajanigombeza. Heri angenigombeza. Anarudisha kimoja kimoja, machozi yanamtoka, chakula kinapoa. Nami sikumbuki nini nilikiita nini. Teksi imepata matairi ya lori. Wifi kapiga simu kuuliza Jumamosi avae nini. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Wameitazama. Nusu ya magari bado hewani. Mhandisi wao kauliza kwa upole kama ni magari ya miaka ijayo. Wamempa wiki moja, ya mwisho. Karudi, kajifungia chumbani. Nimekaa mlangoni kwake na chai mpaka ikapoa.

Jumapili, 9 Machi
Kamaliza. Kila gari lina magurudumu yake, anasema kesho anaingiza upya. Kalala kama gogo, maskini, akaiacha kompyuta wazi. Nimeapa sihamishi kitu, na sikuhamisha. Ila inalalamika imejaa, na kuna folda mbili pacha, moja ya zamani yenye fujo, nyingine ya leo. Ya nini kuweka mbili? Nimefuta moja, ile ya chini, yenye majina ya kifungwa; yenye Tairi Zuri nimeiacha. Kompyuta imepumua, hata mimi nimepumua.
Wageni wa jana niliwaahirisha, nikawaambia kampuni imeomba filamu kubwa zaidi. Wifi aje na daktari wake, majirani waje na watoto. Tunawangoja wote Jumamosi ijayo, mchana.