Mama Mkwe Ukutani

Jamani, leo aibu imenipata mchana kweupe. Nimefika nyumbani sasa hivi na hata chai imenishinda.

Nafundisha kilimo katika chuo kidogo hapa Rongo. Mkuu wa chuo hapendi simu darasani. Nimembembeleza muhula mzima, mwishowe akakubali kuja leo akae nyuma, aone kipindi kimoja tu. Akiridhika, wanafunzi wataruhusiwa kusomea simu zao. Asiporidhika, nisimletee tena habari hiyo.

Nikaunganisha simu yangu na projekta. Nusu ya darasa nikaituma kwenye shamba la mahindi wapige picha za majani yenye ugonjwa. (Mmoja alituma picha ya mbuzi wa mpishi. Tuyaache hayo.) Ndugu zangu, picha zilivyoanza kuingia! Jani moja limejaa ukuta mzima, kila doa unaliona. Waliobaki ndani wakatafuta ugonjwa huo kwenye simu zao, wakabishana, wakasahihishana, kisha wakanisahihisha na mimi. Miaka yote ya chaki sijawahi kuona kitu kama hicho. Mwili ulinisisimka. Mkuu alikuwa ameacha kuegemea kiti.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba walio shambani wakipata kiwavi mkubwa, wanipigie kwa video. Simu ikalia. Nikabonyeza bila kutazama jina (kiherehere changu).

Ukuta ukajaa mama mkwe.

Kwa wasiotujua: kwetu Wajaluo, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani ovyo. Nikienda kwao Rusinga tunasalimiana kwa mbali, macho chini, na hatuli pamoja. Uso wa mama yule sijawahi kuutazama sawasawa. Leo nimeuona ukubwa wa mlango, hadi nyusi.

Nikajikuta chini ya meza. Sikuamua mimi, miguu iliamua.

Kumbe alikuwa anamtafuta binti yake, ambaye simu yake imezima, akabonyeza ya video bila kujua. Alipoona darasa akajifunika uso kwa leso, lakini kukata simu ya video hajui. Basi yeye ndani ya leso, mimi chini ya meza. Na wanafunzi? Sikusikia kicheko hata kimoja. Vijana hawa wa kunyoa mitindo waliinamisha vichwa, kimya kama kanisani. Nilistaajabu, nikataka kulia.

Wote isipokuwa Halima, ambaye wazazi wake walikuja juzi kutoka Pwani kufungua duka la nguo mjini. Yeye alidhani mwalimu ameanguka. Akachukua simu mezani kwa adabu zote, akaniletea huko chini.

"Mwalimu, kuna mama anakutafuta."

Sasa ukutani tuko wawili: mama mkwe kwenye leso, na mimi pembeni, nimepiga magoti, jasho puani. Leso ikateremka kidogo. Jicho moja likaniona.

"Mimi sijaona mtu," akasema mama taratibu, akaigeuza simu yake ikatazama dari. Heshima iliyoje! Halima akakata.

Mkuu akaja mbele, akainama mpaka tukatazamana chini ya meza.

"Simu za wanafunzi zibaki," akasema. "Yako, mwalimu, utakuwa unaiacha ofisini kwangu."

Kwa hiyo kuanzia kesho, anayenitafuta saa za kazi atapokelewa na mkuu wa chuo. Na nyinyi akina mama wakwe, nawaomba kwa unyenyekevu: pigeni ya sauti tu.