Mkate wa Majani kwa Wageni wa Jumamosi

Jumatatu, 5 Agosti 1912. Dodoma.

Nimedharauliwa! Miaka miwili nampikia Bwana mkubwa wa stesheni, na leo mkewe, Bibi mzungu, kasema mkate wangu hauna ladha. Kwao mkate huokwa na majani yanukiayo. Jumamosi wanakuja wageni wanne kwa gari moshi. Mimi na Yotham, mpishi mpya, kila mtu aoke wake. Atakayeshinda ndiye mpishi mkuu. Atakayeshindwa atapelekwa kambi ya reli, huko mbele ya Tabora, akawasongee vibarua ugali.

Yotham! Kaja juzijuzi tu kutoka misheni, na tayari kashapanda kitalu nyuma ya jiko. Nikamwambia Bibi kwamba bustani ya majani ya mkate ninayo tangu zamani. Jina langu lenyewe ni la jani la mrihani: Rehani! Bibi akafurahi.

Bustani ni ya mke wangu, Kudra. Sijamwambia bado.

Jumanne, 6 Agosti.

Nimemwambia. Kacheka mpaka akakaa chini. Eti mrihani wake ni wa kutia kwenye nywele, kotmiri ni ya mchuzi, na mnaanaa ni wa matumbo ya majirani. Nikasema kuanzia leo hakuna jirani atakayechuma hata jani moja. Papo hapo akaingia Bi Mwanahawa wa nyumba ya pili, tumbo linamsumbua, anaomba mnaanaa. Nikamwamkia shikamoo, nikamnyima. Kudra akamng'olea shina zima mbele ya macho yangu.

Kilichobaki ni kidogo. Nimekimwagia samadi mbichi ya mbuzi, ndoo mbili, kikue upesi.

Jumatano, 7 Agosti.

Imeungua! Kotmiri karibu yote imekuwa rangi ya tumbaku. Kudra hasemi na mimi. Anasema na paka, mimi nasikiliza.

Mchana nikaenda kupeleleza kitalu cha Yotham. Kina jani la kijivu, jembamba kama sindano, linanukia mno. Akanitajia jina lake kwa Kijerumani. Nikasema nalijua sana. Akauliza basi kwetu tunalitumiaje. Nikakumbuka kwamba nimebandika maji jikoni.

Alhamisi, 8 Agosti.

Nimejaribu kuoka nyumbani. Tanuri nimelijenga mwenyewe kwa udongo wa kichuguu. Mkate ukatoka nje makaa, ndani uji. Kuku waliuzunguka, wakautazama, wakaondoka. Kudra akamega kidogo, akatafuna muda mrefu.

"Baba Stara," akaniuliza, "ukipelekwa huko kambini, utarudi lini?"

Akafuta macho, akasema ni moshi. Tanuri lilikuwa limeshazimika.

Lazima nishinde. Lazima!

Ijumaa, 9 Agosti.

Nilipata njia. Mzee Elieza hupitisha mbuzi wake nyuma ya nyumba ya Bwana kila asubuhi. Nikaondoa miiba ya uzio wa Yotham, nikajibanza nyuma ya kuni. Mbuzi wakafika. Wakanusa lile jani la kijivu. Wakapiga chafya, wakashika njia yao. Njia gani? Ya uani kwangu! Nilikimbia mpaka kiatu kikachomoka. Nilipofika, mrihani haupo, kotmiri haipo, na beberu mmoja anatafuna kanga ya Kudra kambani.

Mzee Elieza aliona haya sana. "Mwanangu," akasema, "mbuzi hawa hawajawahi kuniaibisha. Sijui leo wamepatwa na nini." Mimi nilijua. Akamletea Kudra kifuko cha mlenda mkavu, uliotwangwa vizuri, kumtuliza.

Nimekifungua. Unga wa kijani, laini. Mlenda ni jani. Bibi kasema majani, hakusema yapi!

Jumamosi, 10 Agosti.

Mkate wangu ulitoka tanurini mrefu, wa kijani, unapendeza. Ndani haukuiva sawasawa, lakini nani ataona ndani?

Mgeni wa kwanza akamega. Kipande kikatoka, mkate ukafuata. Uzi wa ute ukanyooka kutoka kwenye sahani hadi kwenye masharubu yake. Akavuta. Ukavutika. Akasimama. Ukavutika bado! Bibi akajifunika uso kwa kitambaa. Mkate wa Yotham ulikuwa umeliwa mpaka makombo.

Bwana akatuita wote wawili. Nilikuwa nimeshamuaga Kudra moyoni. Ndipo Yotham akasema, bila kuulizwa: "Bwana, kuku wa leo kampika Rehani. Mimi kuku kama huyo siwezi. Ukimpeleka Tabora, mezani hapa patabaki mkate mtupu." Bwana akamtazama mgeni wa masharubu. Mgeni alikuwa anaongeza kuku.

Nimebaki! Chini ya Yotham, ndiyo, lakini nimebaki. Jioni akaja kwetu na miche sita ya majani yake, akampa Kudra kwa mikono miwili. Kudra akalia tena, na safari hii hakusingizia moshi.

Jumapili, 11 Agosti.

Kudra kaniamuru niende nikamshukuru. Nimekwenda, nimemshukuru. Kanikaribisha chai. Kanieleza uokaji wote, hata namna anavyoitunza chachu yake chunguni, akasema, "Kaka Rehani, siku yoyote ukiitaka, sema tu, nitakugawia."

Anigawie? Mimi? Apate kujisifu hadi Kilosa! Alipotoka kuleta sukari nikamimina nusu ya chungu kwenye mkebe, nikauficha ndani ya kanzu.

Sasa mkebe umo sandukuni, katikati ya nguo zetu za Idi, upate joto. Muda si mrefu nimesikia mlio ndani, kisha kifuniko cha sanduku kikainuka chenyewe. Chachu ya nguvu kweli! Nimekaa juu yake ndipo nimepata kuandika haya. Bado inanisukuma. Yotham amekwisha.